Mkono wako juu ya tumbo

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayemngojea nyumbani, mnajua hali hii. Mtu anarudi kutoka posti ya usiku, ameoga, amekula, lakini usingizi unakataa. Moyo unapigapiga kama angali shimoni. Leo tutaeleza habari ya mashini moja ya mbali, kwa sababu ina fundisho juu ya jambo hili.

MASHINI GANI HIYO?

Pengine mmeona mtu aliyevaa miwani mikubwa yenye kufunika macho kabisa. Ndani yake anaona dunia ya picha pande zote, mbele na nyuma. Wengi huitumia kwa michezo, lakini mafundi wengine wameifanya itulize roho.

Mwaka 1995, msanii wa Kanada, Bibi Char Davies, alionyesha kule Montréal kazi yake iitwayo Osmose. Aliyeingia alivaa fulana yenye kupima kifua. Akivuta pumzi, anapanda juu katika zile picha, akiitoa, anashuka. Baadaye Owen Harris wa Ireland na Niki Smit wa Uholanzi walitengeneza mchezo uitwao DEEP. Hapo mchezaji anafungwa mkanda tumboni. Tumbo likijaa pumzi, mkanda unaipasha mashini habari, naye anaelea kama samaki chini ya bahari. Mwaka 2016 ilitolewa habari ya jaribio lililofanywa na watu wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi. Watoto wa miaka 8 mpaka 12 walicheza dakika 7, na baadaye walisema wasiwasi umepungua. Lakini kupungua kwa muda mfupi si kupona.

KWA NINI HUJARIBIWA KWANZA?

Kiatu kipya cha kazi, aliyekishona anasema ni kizuri. Lakini mguu wa mvaaji ndio unaosema kweli. Vilevile mashini hii. Fundi anamwita mtu asiyeijua, anamvisha, kisha anakaa kimya na kumtazama. Mwishoni anamwuliza: Kichwa kimezunguka? Ulitaka kutapika? Mkanda ulibana? Tena wako watu ambao, wakionyeshwa moyo wao unakwenda mbio, wanaogopa, na moyo unazidi mbio. Dawa ya kutuliza imegeuka ya kusumbua! Hayo fundi hawezi kuyajua akiwa peke yake mezani. Na anayejaribu lazima awe na ruhusa ya kuvua miwani wakati wowote.

NGUVU INATOKA WAPI?

Haitoki katika mashini. Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, moyo hupunguza. Mtu mzima aliyepumzika anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Akipunguza mpaka karibu mara 6, huku akitoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu utokao katika ubongo mpaka moyoni unauambia moyo utulie. Mashini ni kioo tu: inakuonyesha pumzi yako mwenyewe.

Kioo hicho unacho bila kununua kitu. Fanya hivi:
1. Kaa vizuri, legeza mkanda wa suruali, weka mkono juu ya tumbo.
2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4. Mkono uinuke.
3. Toa pumzi polepole ukihesabu mpaka 6. Mkono ushuke.
4. Endelea dakika 5, bila kujilazimisha. Kichwa kikizunguka, acha, upumue kama kawaida.

Mama, fanya pamoja naye. Watoto nao wataiga.

ANGALISHO KUBWA

Zoezi hili ni la nyumbani. Shimoni, ukisikia kichwa kinauma, pumzi inakuwa fupi, au miguu inalegea, USIKAE kutuliza moyo! Gesi ya oksidi ya kaboni, inayotoka katika moshi wa moto, wa mota na wa baruti, haina rangi wala harufu. Anayekaa humo akipumua vizuri anakunywa sumu vizuri. Vaa kifaa chako cha kuokoa pumzi, waite wenzako, tokeni fasi ile, mmwarifu mkubwa wa kazi. Maumivu ya kifua nayo si ya kungojea: ni lopitali mara moja. Na anayekunywa dawa za presha asiziache kwa sababu amejifunza kupumua.

Mwisho, kama uliona ajali na sasa ni majuma mengi unashtuka usiku, njoo kwenye dispensari. Si woga, wala si haya. Mguu uliovunjika tunaufunga. Na roho iliyoshtuka inahitaji msaada pia.

Leo jioni, kabla ya kulala, weka mkono juu ya tumbo, uhesabu.