Tuzo za Takwimu kwa Wasiosomea Takwimu

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, huandaa watakwimu wa fani. Lakini tuzo inayomlenga mwanafunzi wa sheria, lugha au uuguzi ina kazi nyingine, nayo ni kumshawishi anayekwepa hesabu azitumie katika somo lake. Shindano la mabango la Chama cha Kimataifa cha Elimu ya Takwimu hupokea pia timu za wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao hulazimika kueleza utafiti wao katika bango moja tu, sharti ambalo pengine hufundisha kuliko zawadi yenyewe.

Eneo la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kuanzia soko la Kariakoo hadi bonde la Jangwani, lingefaa sana kwa utafiti wa namna hiyo. Anayechunguza bei ya mashati Kariakoo huchukua sampuli, yaani sehemu ndogo inayowawakilisha wauzaji wote. Akiwauliza wenye maduka pekee, akawaacha wamachinga wa Mtaa wa Kongo, wastani wake utapotoka hata kama amejumlisha na kugawanya sawasawa. Naye anayelinganisha mvua na mafuriko ya Jangwani hana budi kukumbuka kwamba Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hivyo kipimo cha mvua ya Kariakoo peke yake hakielezi maji yaliyofurika.