Kwa Nini Insulini Haitoshi? Kisukari cha Vijana na Ukinzani wa Mwili

Achukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni mkoani Singida, aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na umri wa miaka 9. Kwa miaka kadhaa kipimo chake cha insulini kilimtosha. Sasa ana miaka 14. Hujidunga sindano kama alivyofundishwa, na chakula chake hakijabadilika, lakini sukari katika damu haishuki. Usiku huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na mchana husinzia darasani. Patroni wa bweni humshuku kwamba anakula peremende kwa siri, na kijana mwenyewe huanza kujiona mkosaji.

Yawezekana kabisa kwamba hakuna kosa lililotendeka. Mwili wa kijana huyo umeanza kuikinza insulini.

Kazi ya insulini

Insulini ni homoni itengenezwayo na kongosho. Huchukuliwa na damu hadi kwenye seli za misuli, mafuta na ini, ambako hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Katika misuli na mafuta, kushikamana huko huamsha ishara ambayo hufungua njia za kupitishia sukari. Katika ini, ishara hiyo huzuia sukari zaidi isimwagwe katika damu.

Insulini yaweza kufananishwa na mgeni abishaye hodi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziharibu seli zitengenezazo insulini, hivyo mgeni hafiki mpaka aletwe kwa sindano. Katika ukinzani, mgeni amefika na anabisha, lakini mwenye nyumba hasikii vema. Hodi moja haitoshi, zahitajika mbili au tatu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukinzani ni tatizo la kisukari cha aina ya pili peke yake. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wako wagonjwa ambao miili yao huitikia insulini vizuri na wako ambao miili yao huitikia kwa shida. Mwaka 1982 Ralph DeFronzo na wenzake nchini Marekani walithibitisha kwamba hata wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaweza kuwa na ukinzani mkubwa.

Vyanzo vya ukinzani

Chanzo cha kwanza ni balehe. Wakati huo homoni ya ukuaji huongezeka. Homoni hiyo hurefusha mifupa, lakini pia huachilia mafuta katika damu na kudhoofisha ishara ya insulini. Kila kijana hupitia hali hii. Kongosho la kijana asiye na kisukari huongeza insulini bila yeye kujua. La mwenye kisukari haliwezi.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Mtoto wa kilo 30 anayehitaji yuniti 0.8 kwa kila kilo hutumia yuniti 24 kwa siku. Akifika kilo 48 katikati ya balehe, huenda akahitaji yuniti 1.2 kwa kila kilo, yaani karibu 58. Uzito umeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini dawa imezidi maradufu. Balehe ikiisha, mahitaji hupungua tena.

Chanzo cha pili ni sukari yenyewe. Ikikaa juu kwa muda mrefu, huzidi kuidhoofisha kazi ya insulini, na hivyo tatizo hujilisha lenyewe. Aidha, maambukizi kama malaria, jipu au jino lililooza, pamoja na unene, kukosa usingizi na mfadhaiko, huongeza ukinzani.

Ukinzani wa bandia

Kabla ya kuulaumu mwili, yafaa kuichunguza dawa. Insulini ni protini, nayo huharibiwa na joto, jua na kuganda. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Aina nyingi zikishafunguliwa hudumu takriban wiki 4, mradi joto lisizidi nyuzi 30 au kiwango kilichoandikwa kwenye kisanduku.

Pasipo jokofu, hali ya hewa ya Singida yenyewe yaweza kusaidia. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi iliyo kati hujazwa mchanga, na mchanga hulowanishwa kila siku. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto, na chungu cha ndani hupoa. Katika upepo mkavu wa kiangazi njia hii hufanya kazi vizuri. Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, hupungua nguvu. Dawa itiwe katika kifuko kisichopenya maji.

Pili, ngozi ichunguzwe. Mahali panapodungwa kila siku hufanya uvimbe wa mafuta, na insulini iliyodungwa hapo hufyonzwa ovyo. Sehemu za kudunga zibadilishwe.

Kuupunguza ukinzani

Tiba ya kwanza ni kipimo sahihi. Daktari akikiongeza wakati wa balehe, hilo si dalili kwamba mgonjwa ameshindwa. Kipimo kisibadilishwe kwa kubahatisha, wala sindano isiachwe kamwe kwa ajili ya mitishamba.

Pili ni mazoezi. Misuli inayofanya kazi hupokea sukari hata kwa insulini kidogo, na wepesi huo huweza kudumu kwa siku nzima au zaidi. Kwa sababu hiyo sukari yaweza kushuka mno, hata usiku wa manane. Mchezaji awe na sukari mfukoni. Asicheze ikiwa sukari iko juu sana na anatapika, au pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni hatari ya kufa, na apelekwe hospitali mara moja.

Tatu ni chakula na usingizi. Ugali wa mtama au uwele usiokobolewa, ukiliwa kwa kiasi pamoja na mlenda na kunde, huinua sukari polepole kuliko uji mweupe uliotiwa sukari. Maambukizi nayo yatibiwe mapema.

Wajibu wa shule

Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kati ya mwaka 1982 na 1991 ulipata takriban wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wenye umri chini ya miaka 20. Kwa uchache huo, mwalimu aweza kufundisha miaka mingi bila kukutana na mmoja. Akikutana naye, amruhusu kupima sukari, kula kwa wakati na kutoka darasani bila kuomba mara mbili. Sukari ikikataa kushuka, swali la kwanza lisiwe, "Umekula nini?" Bali liwe, "Dawa yako imehifadhiwa wapi, unadunga wapi, na daktari amekiangalia lini kipimo chako?"