Baa Zimejaa, Video Bado Inazunguka

Saa tatu usiku Kayole, mtaa mzima uko onlaini. Mbogi inacheki gemu, mtoi wa jirani ako TikTok, mathee anapigia masista ocha video koli. Simu yako imejaza baa zote, halafu klipu inazunguka tu. Shika rada, msee: hizo baa zinapima vile simu inaskia busta. Mambo ya nyuma ya busta hazijui.

Na huko nyuma ndio kuna stori. Netiweki ya simu ilijengewa watu wa kubonga. Ukipiga koli ya 2G unashikiwa nafasi yako, na chaneli moja ya redio iligawanywa nafasi nane pekee. Hata mkinyamaza nyote wawili, hakuna mwingine anaiguza. Video haingetoboa hapo, manze. Ndio wakabadilisha mbinu: data inakatwa vipande vidogo, za wasee wote zinapita njia moja, na ukitulia kidogo mwenzako anatumia hiyo nafasi. 4G, yenye Safaricom iliwasha Desemba 2014, ni vipande tupu. Simu yenye haijawekwa kupiga koli kwa 4G lazima ishuke 3G ama 2G ikiita, ndio unaona intaneti inalegea katikati ya stori.

Sasa inua macho kwa mlingoti. Zile ngoma nyeupe zinarusha trafiki kwa hewa mpaka mlingoti mwingine. Koli zilitoshea huko poa sana. Video za mtaa mzima zinasongamana, na hiyo ndiyo sababu barabara zinachimbwa kuzika faiba.

Majuu nako tulikuwa tunafika kwa setilaiti, bei noma, mpaka 2009, waya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipotua Mombasa. Waya moja haitoshi: Februari 2012 meli iliangusha nanga nje ya bandari ikakata TEAMS. Lakini mbinu yenye mimi naiheshimu zaidi ni ya kuweka kopi. Klipu yenye imeshika inahifadhiwa kwa seva za hapa hapa, kila mtu anaichota karibu bila kuvuka bahari.

Kwa hivyo nikiskia tangazo la 5G, nauliza swali moja tu: busta za Eastlands zimeungwa na faiba, ama bado zinategemea ngoma?