Filta ya Polaraizesheni na Mng'ao wa Kioo cha Duka

Simama na kamera mbele ya duka la Mtaa wa Congo, Kariakoo, jua likiwa kali. Viatu vimepangwa nyuma ya kioo, lakini picha inatoka na bodaboda, mikokoteni na sura yako mwenyewe. Mpiga picha mzoefu husogea kando, hufunga filta ya polaraizesheni mbele ya lenzi na kuizungusha taratibu. Taswira za barabarani hufifia, viatu vikaonekana.

Watahiniwa wengi wataandika kwamba "filta hupunguza mwanga". Jibu hilo halitoshi, kwa sababu hata kioo cha rangi nyeusi hupunguza mwanga, na mng'ao hubaki palepale ukilinganisha na viatu. Kinachotakiwa ni mwelekeo wa mtetemo.

Kumbuka mada ya mawimbi: mtetemo wa mwanga hukingamana na njia unayopita, kama kamba iliyofungwa kwenye nguzo na kutikiswa. Mwanga wa jua hutetema pande zote za mkingamo. Ukiakisiwa na kioo au maji, sehemu kubwa ya unaorudi hutetema sambamba na uso ulioakisi. Huo ndio mwanga wenye polaraizesheni. Filta hupitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja na kuzuia unaokingamana nao. Mwanga wa viatu vyenyewe hutetema pande zote, hivyo karibu nusu yake hupita.

Kwa nini asogee kando? David Brewster alionyesha mwaka 1815 kwamba polaraizesheni hukamilika kwenye pembe moja tu, ambayo tanjenti yake ni sawa na namba ya mpindo wa mwanga:

tan p = n

Kwa kioo, n = 1.5, hivyo p ni takriban 56°, ikipimwa kutoka mstari uliosimama kwa 90° juu ya kioo. Kwa maji (n = 1.33) ni 53°. Ukisimama mbele ya kioo moja kwa moja, p ni 0° na filta haikusaidii kitu.

Usidanganyike na masufuria ya alumini. Mng'ao wa metali haupati polaraizesheni kwa namna hii, hivyo zungusha filta utakavyo, utabaki. Na kwenye vichochoro vyenye giza ni afadhali uivue kabisa, maana inakula nusu ya mwanga au zaidi.

Jaribio: tazama skrini ya kikokotoo kupitia filta, upande wake wa mbele ukielekea skrini. Izungushe 90°. Skrini ikigeuka nyeusi, filta ni ya kweli. Jaribio hili linafaa pia kwa miwani ya jua kabla hujalipa.

Swali. Dereva aliyevaa miwani ya polaraizesheni haoni mng'ao wa dimbwi la maji mbele yake, lakini mng'ao wa kioo cha duka kilicho kando bado anauona. Eleza.

Jibu. Dimbwi limelala, hivyo mng'ao wake hutetema kushoto na kulia, mwelekeo ambao miwani imetengenezwa kuuzuia. Kioo cha duka kimesimama wima. Kikitazamwa kwa upande, mng'ao wake hutetema juu na chini, nao hupita. Akiinamisha kichwa begani, mng'ao wa kioo utafifia na wa dimbwi utarudi.