Kabla ya Roboti, Kazi Yenyewe

Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kina la kumwambia kila mwenye kiwanda anayepiga hesabu ya roboti. Mwaka 1984 General Motors na Toyota walikifungua upya kwa ubia ulioitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa awali, waliojulikana kwa migomo na utoro. Kilichobadilika ni namna ya kupanga kazi. Kikawa miongoni mwa viwanda vyenye tija kubwa Marekani, huku General Motors ikimwaga mabilioni ya dola kwenye mitambo ya viwanda vyake vingine bila kuifikia tija hiyo. Baadaye kampuni ya Tesla ilikinunua, ikataka kuunganisha gari lake la Model 3 kwa mitambo karibu kila hatua. Uzalishaji ukakwama. Aprili 2018 mkuu wake, Elon Musk, akakiri hadharani kwamba otomatiki ilizidi kiasi. Mikanda ya kusafirishia vipuri iking'olewa, laini nyingine ya kuunganishia ilijengwa ndani ya hema ikitegemea zaidi mikono ya watu.

Kuchomelea bodi na kupaka rangi ni kazi ambazo roboti huziweza, kwa sababu chuma hakibadiliki umbo. Kuunganisha ni kazi ya aina nyingine: waya hupinda, mpira hunyumbuka, tundu la skrubu huwa limesogea kidogo. Kidole huhisi na kurekebisha pale ambapo roboti husimama. Tesla ilihangaika na roboti iliyoshindwa kuokota mikeka laini ya kufunika betri, hadi ilipopima na kugundua kuwa mikeka yenyewe haikuhitajika. Ndiyo maana nashikilia kwamba bei ya roboti na mshahara wa fundi visilinganishwe kabla ya kuuliza kama hatua hiyo ya kazi inahitajika kabisa.

Wapo watakaosema China inafunga zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani duniani, na anayechelewa ataachwa. Ni kweli, lakini gharama ya roboti hurudi upesi pale bidhaa ya aina moja inapotoka kwa wingi mno. Viwanda vya Thika na Mombasa, Kenya, huunganisha magari ya chapa na modeli nyingi, kila moja kwa idadi ndogo. Roboti iliyopangiwa lori moja ingekaa bure sehemu kubwa ya mwaka. Hilo lisiwe kisingizio cha kumchosha fundi kwa kuwa ni rahisi kumlipa. Winchi za kunyanyulia injini, na spana za kupima mkazo wa kila nati, zinaokoa migongo na kupunguza magari yanayorudishwa, na hazitupwi modeli inapobadilika.