Pwagu na Pwaguzi walipoingia Kiwengwa

Baba yangu alikuwa mvuvi hapa Kiwengwa, Unguja, na redio yetu ilikaa juu ya kasha, imefunikwa kitambaa. Mawe ya redio yakichoka, aliyaanika juani kando ya dagaa, yapate nguvu ya jioni moja tu. Jioni hiyo ilikuwa ya Pwagu na Pwaguzi.

Wahenga walisema, pwagu hupata pwaguzi: mwizi hodari hukutana na aliyemzidi. Radio Tanzania Dar es Salaam iliifanya methali hiyo kuwa mchezo wa kuchekesha. Rajabu Hatia alikuwa Pwagu, Ali Keto akawa Pwaguzi, matapeli wawili, kila mmoja akijiona ndiye mjanja.

Sura zao hatukuzijua. Tuliwatambua kwa kikohozi, kwa kicheko, kwa mlango unaolia. Bibi alisimamisha hata mchi kinuni ili lisimpite neno.

Waingereza nao walipita njia hiyo ya kuchekesha kwa sauti tupu. Mchekeshaji Tommy Handley aliwachekesha kupitia BBC katika kipindi cha ITMA tangu 1939, miaka yote ya vita, hadi alipofariki Januari 1949. Mlango ukifunguka, msikilizaji alijua anaingia mhusika mwingine. Mwaka 1951 kikaanza kipindi kingine cha vichekesho, The Goon Show. Mwaka huohuo, huku kwetu, redio ya Sauti ya Unguja nayo ikaanza kusikika.

Mchekeshaji wa redio ana ulimi tu. Kwa huo humjengea msikilizaji nyumba, nguo na uso. Kanda za michezo ile zitunzwe na zirushwe tena. Wajukuu wetu wanastahili kucheka kwa Kiswahili kile.