Rangi ya Zamani Katika Mbao za Bunduki: Kazi ya Shelaki na Hatari ya Spiriti



Wengine mtashangaa kuona habari za bunduki katika ukurasa huu. Sikuja kuhubiri vita. Nataka tuzungumze juu ya mbao zake, yaani kitako na kile kifuniko cha mbao kinacholala juu ya mtutu, na juu ya rangi iliyopakwa mbao hizo. Sababu zangu ni mbili. Wapo wenzetu wa karakana za samani wanaoletewa viti, kabati na masanduku ya redio ya zamani yenye rangi ya namna hiyohiyo, nao huyaharibu kwa kutojua. Tena dawa ya kuyeyushia rangi hiyo inaweza kumtia fundi upofu au kumchoma moto, na waajiri wengi hawasemi neno.

Rangi yenyewe huitwa shelaki. Haitokani na mafuta ya petroli wala si utomvu wa mti. Hutolewa na kidudu kidogo sana kinachofyonza matawi ya miti, hasa katika India na Thailand. Miti hiyo ina majina ya kwao, kama palas na kusum, lakini mmoja wao sisi twaujua tangu utoto: ni mkunazi. Vidudu hujazana kwa maelfu juu ya tawi moja, kila kimoja kikitoa ulimbo wa kujifunika, mpaka tawi lote linavikwa gamba gumu. Watu wa vijijini, wengi wao katika majimbo ya Jharkhand na Chhattisgarh, hukata matawi na kulikwangua gamba hilo. Husagwa, likaoshwa kwa maji ili wekundu mwingi utoke, likaanikwa.

Halafu inakuja kazi ya moto. Kwa njia ya zamani, ulimbo hutiwa katika mfuko wa kitambaa mrefu na mwembamba kama utumbo, ukawekwa mbele ya makaa. Mtu mmoja huusokota mfuko, na ulimbo ulioyeyuka huchuruzika nje. Mwenzake huupokea ungali moto, akauvuta kuwa karatasi kubwa nyembamba kwa mikono, kwa vidole vya miguu na hata kwa meno. Ndiyo, kwa meno, mbele ya moto, kutwa nzima. Ukipoa huvunjwa vipande vidogo kama magamba ya samaki, na hivyo ndivyo tunavyouziwa dukani. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila mikono haijaondoka.

Msidhani ni kitu kigeni kwetu. Lakiri ya kupigia mihuri ilitengenezwa kwa ulimbo huu. Sahani za santuri za zamani nazo zilikuwa za shelaki, pamoja na zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928.

Sasa turudi kwenye bunduki. Ninayoitolea mfano ni Mosin-Nagant ya 1891/30, iliyotengenezwa kwa mamilioni katika viwanda vya Tula na Izhevsk, katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule. Kitako chake kwa kawaida ni cha birchi, mti wa nchi za baridi wenye mbao nyeupe. Hapa ndipo mafundi wanapokosea. Wanaona wekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, wakadhani mbao yenyewe ni nyekundu. Kwa sehemu kubwa wekundu ule umo ndani ya shelaki. Ukiibandua yote, chini unakutana na mbao nyeupe, na hutapata tena kile ulichokitupa.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 bunduki hizi zilirudishwa katika karakana za jeshi, zikatengenezwa, zikapakwa shelaki upya juu ya mikwaruzo na viraka, zikapakwa grisi nzito na kuwekwa ghalani. Wafanyakazi wale walikuwa na rundo la bunduki la kumaliza, hawakuwa wakipamba kiti cha mfalme. Ndiyo maana mpaka leo huonekana matone yaliyotiririka yakakaukia ubavuni, na mahali shelaki imekuwa nene kupita kiasi ikabanduka. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, bunduki nyingi za namna hiyo ziliuzwa ng'ambo, hasa Marekani, kwa watu wanaokusanya silaha za zamani. Hao wanataka matone yale yabaki. Wanachotaka kwa fundi ni kuziba palipobanduka kwa rangi isiyotofautiana na ya jirani yake.

Lakini si kila bunduki ni ya shelaki. Ile .303 ya Lee-Enfield, waliyoibeba askari wa Keya na wazee wetu wengi wanaikumbuka, mbao zake zilipakwa mafuta ya kitani. Garand ya Wamarekani vilevile ilikuwa ya mafuta. Ukizipaka hizo shelaki nyekundu umezibadilisha kabila.

Kabla ya yote, fundi asikubali kuletewa bunduki nzima. Mwenye leseni aondoe mbao mwenyewe nyumbani kwake, alete mbao peke yake. Bunduki ya mtu mwingine ikikutwa mezani kwako, utakayeulizwa na polisi ni wewe.

Kwanza jua unachokishika. Chovya pamba katika spiriti, uiguse mahali palipojificha, kama upande wa ndani unaolalia chuma. Shelaki italainika na kunata kwenye pamba. Kama haikulainika, hiyo ni vanishi nyingine au mafuta, wala usiendelee. Tabia hii ya kuyeyuka ndiyo faida yake kubwa, maana shelaki mpya ikipakwa juu ya kuukuu hushikana nayo zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo hakuna haja ya kukwangua. Weka msasa kabatini.

Grisi ya ghalani sharti itoke. Pasha mbao joto la jua, grisi itatoka jasho, uifute kwa matambara, urudie siku ya pili na ya tatu. Usizidishe moto, kwa sababu shelaki hulainika kwa joto. Ukipaka juu ya grisi, rangi itajikunja na kuacha vitundu kama macho ya samaki.

Kwa kuchanganya, gramu 250 za shelaki katika lita moja ya spiriti zatosha kwa kazi ya kawaida, na kwa kulinganisha rangi mimi hupenda nusu ya hapo, gramu 120 hivi. Acha usiku kucha katika chupa ya kioo, itikise kila unapopita, kisha uchuje kwa kitambaa. Andika tarehe juu ya chupa. Shelaki iliyokwisha yeyushwa huzeeka, na ikikaa miezi mingi haikauki tena, hubaki inanata. Dondosha tone juu ya kioo: likiwa bado linashika kidole kesho yake, mwaga.

Rangi ya kuongeza iwe ile inayoyeyuka katika spiriti yenyewe, mfano rangi za ngozi wanazotumia washona viatu, zile za spiriti. Rangi ya unga wa udongo hufanya ukungu na kuficha nyuzi za mbao. Anza na shelaki iliyo nyekundu au kahawia kwa asili, maana nyingine huuzwa hivyo, kisha ongeza matone ya nyekundu, na kidogo sana ya kahawia. Wekundu ukizidi mbao inafanana na pipi. Hapo tone moja la kahawia au jeusi huutuliza.

Usijaribu kwenye kitako. Tafuta kipande cha mbao nyeupe, upake mikono mitatu, minne, mitano, kila mkono ukiacha sehemu ya chini yake ionekane. Kikauke, kisha ukibebe nje mchana, ukilaze kando ya kitako. Taa ya karakana ni mwongo, na shelaki iliyolowa nayo ni mwongo. Kila mkono unaongeza giza, kwa hiyo anza na rangi hafifu kuliko unayoitaka. Paka haraka kwa burashi laini, usirudi palepale, kwani burashi ya pili inayeyusha ya kwanza na kuacha doa. Fundi mwenye pupa hufanya kazi hii mara mbili. Siku ya mvua usipake kabisa, unyevu huifanya shelaki iwe nyeupe kama imepigwa vumbi la unga.

Nimefika penye uzito. Spiriti ya kuwasha majiko na ya kusafishia, ile ya rangi, mara nyingi imechanganywa methanoli. Methanoli hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi, na ikizidi mwilini huua mshipa wa jicho. Mvuke wa spiriti hushika moto hata katika joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi, nasi huku kwetu chumba cha kazi kina joto zaidi ya hapo asubuhi na jioni. Tena mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mtu anaungua kabla ya kuona kinachomuunguza.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika karakana moja ambako tulinawa mikono kwa spiriti hiyo kila jioni ili kuondoa shelaki. Msimamizi alituambia ni nzuri, inaua vijidudu. Jiko la kuchemshia gundi lilikuwa katika chumba hichohicho, hatua nne kutoka penye debe. Siku moja mwanafunzi wa kazi alimimina, moto ukamfuata mpaka kwenye viwiko. Alilala hospitali wiki nyingi. Meza iliyoungua ilikatwa katika mshahara wake, na hatukuwa na chama cha kusema.

Kwa hiyo kamati za karakana ziandike madai haya na kuyapeleka kwa mwajiri kabla ya kazi kuanza: ethanoli isiyo na methanoli pale inapopatikana; glavu zisizopitisha spiriti; madirisha mawili yanayokabiliana; jiko, sigara na waya uliochubuka viwe nje ya chumba; debe kubwa libaki stoo, mezani iwepo chupa ndogo tu; ndoo ya mchanga na blanketi karibu na mlango. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe, maana hujiwasha yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe katika kopo la maji lenye mfuniko.

Na katika stakabadhi ya mteja fundi aandike: mbao hizi zimepakwa shelaki upya, tarehe fulani, sehemu fulani. Kitako kilichotengenezwa bei yake si sawa na cha asili, na mnunuzi akija kugundua baadaye kwamba alidanganywa, mwenye kuuza atasema hakujua, ni fundi.